Duara Kwenye Kifuko

Nilipovunjika meno nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tunachota maji kwenye pampu ya shule, mkono wa chuma ukamponyoka mwenzangu, ukaruka juu, ukanikuta nimeinama. Meno matatu ya mbele, ya juu, yalibaki kwenye matope pale chini ya pampu. Mimi nikapelekwa zahanati nimeziba mdomo kwa upindo wa sketi. Damu ilikauka siku ile ile. Kuziba mdomo sikuacha.

Wiki mbili baadaye mwalimu aliniita mbele ya darasa nisome kwa sauti. Kila nilipofika kwenye neno lenye "s" au "f", pumzi ilipenya pale penye uwazi ikapiga mluzi. Darasa zima likacheka. Mwalimu akageukia ubao asionekane, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika. Ule ukurasa niliumaliza. Shuleni sikurudi.

Shangazi ndiye aliyekuwa akinilea, maana wazazi wangu wote walikuwa wameshatangulia. Alinisihi, akanifokea, siku moja akaninyanyulia mwiko. Mwisho akasema, "Haya, kaa. Mimi siwezi kukuburuta barabarani kila asubuhi kama mbuzi wa mnada." Kutoka shule nikatoka na kitu kimoja tu, jina la Pengo.

Nilipofikisha miaka kumi na tisa akanitafutia kazi anapofanya yeye, kwenye kliniki ya meno. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ngazi unakutana na mapokezi, viti sita na meza yenye simu. Nyuma yake kuna chumba cha kiti kikubwa, ambako shangazi alimsaidia daktari kwa miaka kumi na minne: kumpa vifaa, kushika taa, kufyonza mate ya wagonjwa. Mwisho kabisa, kwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ndipo kilipo chumba cha vyombo. Hapo ndipo palikuwa pangu. Mtu mwenye haya hawezi kupata kazi nzuri kuliko ile. Koleo halikuulizi mbona hucheki.

Kazi yenyewe ni hii. Vyombo vikitoka kwenye mdomo wa mtu, navisugua kwa brashi, nasuuza, nakausha, kisha natia kila kimoja kwenye kifuko chake. Kifuko upande mmoja ni karatasi, upande mwingine nailoni. Pembeni kina kimstari cha rangi ya waridi, chembamba, ungedhani ni urembo tu. Vifuko vinaingia kwenye mashine ya mvuke, vinakaa dakika hamsini. Joto likifika linapotakiwa na kudumu muda unaotakiwa, ule mstari unageuka kahawia. Usipogeuka, ndani ya kifuko bado kuna uchafu wa kinywa cha mtu mwingine, hata kama chuma kinang'aa kama kioo.

Vifuko vikitoka, navikagua kimoja kimoja. Nikiona kahawia, nachora duara dogo kwa kalamu kwenye kona. Daktari ndiye aliyenifundisha. "Duara maana yake nini?" huniuliza akinikuta kazini, kama mwalimu wa dini.

"Maana yake nimeona, daktari."

"Umeona kwa macho ya nani?"

"Yangu."

Kwa miaka mitatu sikuwahi kuchora duara ambalo sikuliona. Ila mara moja.

Siku moja daktari aliniita chumba cha kiti hakuna mgonjwa. "Pengo, njoo ukae hapa. Toa huo mkono mdomoni, mimi si mchumba wako."

Shangazi akacheka. Nikakaa. Daktari akanipiga picha ya mfupa, akaitazama kwenye taa, akapiga mluzi yeye mwenye meno yake yote.

"Una mfupa mzuri sana, wewe mtoto. Wagonjwa wangu wa kawaida wangekuonea wivu."

Akanieleza. Kulikuwa na mkufunzi anakuja kufundisha madaktari wanane kupandikiza meno, na mafunzo yatafanyikia kwetu. Walihitaji mtu wa kufanyia kazi mbele ya watu wote. Watanitia skrubu mbili ndogo za chuma cha titani ndani ya mfupa, watafunga fizi, watasubiri miezi minne mfupa uzikumbatie. Halafu juu ya zile skrubu watakaza meno matatu, magumu, ya kudumu. Siyo yale ya kuvua na kutia kwenye glasi. Sitalipa chochote.

"Na kuna jambo jingine," akasema. "Nataka mtu wa kudumu mapokezi. Wewe unajua kila kitu hapa, una adabu, unasoma vizuri. Lakini mtu wa mapokezi ndiye uso wa kliniki ya meno. Siwezi kuweka pengo mlangoni. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Sikuona hata kwamba nimetukanwa, kwa jinsi nilivyofurahi.

Kuanzia siku ile nikawa nafanya mazoezi mbele ya kioo kidogo cha chumba cha vyombo. "Karibu. Una miadi? Subiri kidogo, tafadhali." Subiri na tafadhali ndiyo yaliyonitoa jasho. Mluzi ulikuwa pale pale. Lakini nilikuwa nawaza, bado miezi minne tu, utakwisha.

Mlinzi wa chini alishapata habari. Kila nikipita ananiambia, "Pengo, ukishapata meno usije ukaanza kutung'ata sisi."

"Nitaanza na wewe," nikamjibu siku moja, na mkono haukuwa mdomoni. Akashangaa. Nilishangaa zaidi yake.

Mafunzo yalipangwa Jumamosi. Ijumaa jioni nilipaki vyombo vyote vya kesho yake: visu, vibanio, vile vyuma vya kutobolea mfupa, kila kimoja kwenye kifuko chake. Mashine ilikuwa imejaa vyombo vya wagonjwa wa siku ile, kwa hiyo hivi vyangu vingeingia asubuhi. Asubuhi mimi ningekuwa kwenye kiti.

"Usijali," shangazi akasema. "Mimi nitaviingiza saa moja kamili. Wewe oga, uje umetulia."

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilijua shangazi hupenda kusahau duara, na daktari hapokei kifuko kisicho na duara. Nikaogopa daktari asije akamfokea mbele ya wageni. Nikachukua kalamu nikachora duara kwenye vifuko vyote, kumi na kimoja, kabla havijaona mvuke. Nilichora vizuri kabisa, kila kimoja kwenye kona yake. Nilidhani namsaidia.

Jumamosi nilipofika, madaktari wanane walikuwa wameshajaa, wengine wamesimama ukutani kwa kukosa nafasi. Shangazi alikuwa anahangaika na viti, chai, na waya wa kamera ya mkufunzi. Alikuwa ametota jasho mgongoni. Nilipopita karibu na chumba cha vyombo nikasikia mashine inanguruma, nikatazama saa ya ukutani: saa tatu kasorobo. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kazi ilipangwa saa tatu kamili.

Nikasema moyoni, watasubiri. Mkufunzi ana mengi ya kueleza.

Walinilaza, wakanichoma ganzi sindano nne. Mkufunzi akaeleza, lakini alieleza kwa kifupi. Mdomo wangu ukawa kama wa mtu mwingine. Daktari akaita, "Vifaa!"

Shangazi akatoka, akarudi mikono mitupu, akamnong'oneza.

"Vifaa!" daktari akaita tena baada ya muda, na safari hii aliwatazama wageni akitabasamu. Mara ya tatu hakutabasamu. "Mama, watu wana ndege ya kuwahi. Vifaa!"

Ile mashine ikikatizwa hulia mlio mmoja mrefu wa kulalamika. Niliusikia nikiwa nimelala pale. Wote waliusikia, ila ni watatu tu tuliojua maana yake.

Shangazi akaja na sinia. Akasimama nyuma ya kichwa changu, akachukua kifuko cha kwanza akakipasua juu ya uso wangu, kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Nikauona mstari. Ulikuwa waridi, kama fizi ya mtoto mchanga. Na kwenye kona, duara langu.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Macho yetu yalikaa pamoja muda wa mtu kumeza mate. Kisha akachukua kile kitambaa cha kijani chenye tundu la mdomo, akanifunika macho.

Daktari alishaniambia nikisikia maumivu ninyanyue mkono wa kushoto. Nikaunyanyua.

"Ameogopa," nikamsikia anasema. "Tumwongeze ganzi kidogo."

Sindano ya tano ikaingia. Nikaunyanyua tena mkono, nikajaribu kusema, lakini ulimi ulikuwa gogo, na mdomoni mlikuwa na pamba na vidole vya watu wawili. Kilichotoka ni mluzi. Wageni wakacheka, si kwa ubaya, wanavyocheka watu wazima mbele ya mtoto. Na mimi, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikarudi darasa la tano. Mkono nikaushusha mwenyewe.

Ningeweza kumsukuma daktari. Ningeweza kuinuka nikavua kile kitambaa. Nimefikiri habari hiyo mara nyingi tangu siku ile. Sikuinuka kwa sababu niliona haya, basi. Nikalala nikasikiliza chuma kinatoboa mfupa wangu.

Jumatatu nilirudi kazini uso umevimba. Pipa la taka la chumba cha kiti lilikuwa halijamwagwa, maana hakuna mwingine anayelimwaga. Vifuko kumi na kimoja vilikuwa humo, waridi vyote. Nikatoa kimoja nikakikunja nikatia kwenye mfuko wa aproni.

Jioni ile nyumbani nikamwambia shangazi, "Mstari haukugeuka."

Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, magoti yanamsumbua. Hakuinua kichwa.

"Mstari gani?"

"Shangazi."

"Zilikuwa zimebaki dakika chache tu, za kukausha," akasema.

"Zilikuwa zimepita dakika ishirini tu. Niliiona saa."

"Sasa wewe ulikuwa mgonjwa au msimamizi?" Akachovya kitambaa akajikanda goti. "Amekupa dawa, si amekupa? Zile dawa zinaua kila kitu. Meza, sukutua maji ya chumvi, usijitie hofu. Mimi nimeona watu wametobolewa kwa vitu vibaya kuliko vile, na leo wanatafuna mifupa."

Nikameza. Nikasukutua. Asubuhi, mchana, jioni, kila baada ya kula, mpaka chumvi ikanichubua midomo. Sijawahi kutunza kitu kama nilivyotunza zile skrubu mbili. Nilikuwa nalala chali nisizilalie. Nilikula vitu laini tupu. Kwa wiki mbili fizi ilikuwa nzuri, nikaanza tena mazoezi yangu ya karibu na subiri kidogo.

Wiki ya tatu nikaonja kitu kichungu mdomoni. Nikabonyeza fizi kwa kidole, usaha ukatoka.

Daktari alinisafisha, akanibadilishia dawa, akasema tuone. Wiki ya tano skrubu ya kushoto ilikuwa inacheza. Ya sita zote mbili. Siku ya kuzitoa hakuhitaji hata koleo. Alizishika kwa vidole viwili akazizungusha, zikatoka kama vizibo vya chupa. Akaziweka kwenye kisahani. Zilikuwa safi, zinang'aa.

"Mfupa umeliwa," akasema. "Huu wa mbele ni mwembamba, hauna mchezo."

"Tutarudia lini?"

"Kurudia siyo rahisi. Lazima kwanza ujazwe mfupa mwingine, halafu usubiri, halafu tuone. Ni kazi kubwa." Hakusema nani ataifanya. Nikaelewa kwamba haitafanywa.

Akavua glavu, akavuta karatasi mezani. Mkufunzi alikuwa anataka taarifa ya kila mgonjwa aliyepandikiziwa kwenye mafunzo yake, kazi iliyofaulu na isiyofaulu, na sababu. Mgonjwa naye anatia sahihi. Daktari alikuwa ameshaijaza. Nikaisoma polepole. Pale penye sababu palikuwa pameandikwa: Mgonjwa hakuzingatia usafi wa kinywa.

"Ni maneno ya karatasi tu," akasema. "Hakuna atakayekufuata nyumbani na mswaki."

Shangazi alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo, anaosha kitu kilichokuwa safi.

Nikaingiza mkono kwenye aproni nikatoa kile kifuko. Nilikikunjua juu ya ile karatasi. Mkono wa kuziba mdomo haukupanda. Nikasema, "Daktari, vyombo vilikuwa havijaiva."

Alikishika, akakipeleka kwenye taa. Niliona uso wake ukibadilika, na nikadhani, kwa muda mfupi sana, kwamba mambo yatakuwa sawa. Kisha kidole gumba chake kikafika kwenye kona.

"Hili duara la nani?"

Nikalitazama lile duara.

"Nakuuliza, Pengo. La nani?"

"Langu."

"Na maana yake nini?"

"Maana yake nimeona."

"Basi," akasema, akakirudisha juu ya karatasi taratibu, kama mtu aliyemaliza kuhesabu.

"Nilichora Ijumaa, kabla havijaingia. Mashine aliendesha shangazi. Uliita mara tatu, daktari. Ukasikia ikilia."

Yote yalitoka na mluzi. Sikujali. Daktari akageuka. "Mama?"

Maji ya sinki yakafungwa. Shangazi akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimeitazama mikono ile maisha yangu yote. Ndiyo iliyonifungua ule upindo wa sketi mdomoni kule zahanati.

"Mimi siku ile nilikuwa napanga viti," akasema. "Si uliniona, daktari? Vyombo ni kazi ya mtoto." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kuniombea, "Msamehe. Tangu zamani ni msahaulifu."

Daktari alijua. Mtu aliyeita mara tatu anajua alichokiita. Lakini alikuwa amepewa mlango wa kutokea, akapitia hapo.

"Sitakufukuza," akaniambia. "Wewe bado mdogo, unajifunza. Mapokezi nitatafuta mtu mwingine. Weka sahihi hapo chini tuyamalize."

Nikachukua kalamu. Nikaisoma tena ile sababu, mpaka mwisho, kama nilivyoumaliza ule ukurasa wa shule. Pale pa sahihi nikachora duara dogo.

"Hii nini? Andika jina lako."

"Ndiyo alama yangu, daktari. Umeikubali sasa hivi."

Alinitazama sana. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Kifuko alikitupa kwenye pipa ambalo angelimwaga nani kama si mimi.

Mapokezi sasa anakaa binti wa mmiliki wa duka la vitambaa. Ana meno mazuri. Anasema "subiri kidogo" bila kuyafikiria. Mimi nipo chumba cha vyombo, na duara silichori mpaka nimeutazama mstari mara mbili kwenye dirisha. Shangazi akija kuchukua sinia hazungumzi, nami sizungumzi. Tunarudi nyumbani pamoja kila siku, yeye mbele, mimi nyuma, kwa sababu ya magoti yake natembea polepole.

Mwezi uliopita alileta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi. Akakiweka mezani, karibu na sahani yangu.

"Nimezungumza na fundi wa meno," akasema. "Vipimo vyako alikuwa navyo. Hebu jaribu."

Yalikuwa meno matatu kwenye kipande cha plastiki cha rangi ya fizi. Meno ya kuvua na kutia kwenye glasi. Waridi ile ile.

"Yamekaa vizuri," akasema, na mimi nilikuwa sijayatia. "Hakuna atakayejua."

Nikaondoka nikaleta glasi, nikaijaza maji, nikayatumbukiza. Nikaiweka katikati ya meza, upande wake.

Iko pale mpaka leo. Maji nabadilisha mwenyewe. Mara mbili aliitoa akaipeleka kabatini, mara mbili nikairudisha. Kila asubuhi anakunywa chai yake yale meno yakimtazama, na mimi nimekaa ng'ambo ya meza, mikono yote miwili chini, namuuliza kama ataongeza sukari. Na nikimuuliza, natabasamu, mdomo wazi.

"Wewe mtoto," aliniambia jana, "kwa nini huyavai?"

"Subiri kidogo," nikamwambia.

Mluzi ulitoka mzuri, mrefu. Akainamia kikombe chake.